Jeli ya nyuzi 37 kwenye chumba cha nyuzi 32

Kuna dawa zinazoingia mwilini zikiwa majimaji na kuganda zikishafika. Hazichanganywi na kemikali ya kuzigandisha wala hazimulikwi kwa taa. Joto la mwili, nyuzi 37 za Selsiasi, linatosha. Zikishaganda hubaki pale zilipochomwa, chini ya ngozi au ndani ya uvimbe, zikiachia dawa kidogo kidogo kwa siku au wiki kadhaa. Halafu jeli yenyewe inavunjika vipande vidogo ambavyo mwili unajua kuvishughulikia. Mgonjwa hapasuliwi mara ya pili ili kutoa kitu kilichowekwa.

Mimi ni mfamasia wa hospitali, hapa ukanda wa pwani, na kwa miaka sasa hakuna habari za utafiti ninazozifuatilia kwa hamu kama hizi. Nataka kueleza zinavyofanya kazi, kwa sababu kemia yake inapendeza na inaelezeka. Halafu nieleze kinachoninyima raha: jeli nyingi za aina hii zilibuniwa na kupimwa mahali ambapo chumba kina nyuzi ishirini na kitu, na sisi tunafanya kazi kwenye vyumba vya nyuzi 30 na zaidi.

Aliyewahi kuweka supu ya makongoro kwenye friji anajua kwamba ikilala inaganda, na ukiirudisha motoni inayeyuka. Jeli nyingi tunazozijua ziko hivyo. Polima zinazounda jeli za dawa ninazozisema, yaani molekuli ndefu kama minyororo, zinakwenda kinyume: baridi huziyeyusha, joto huzigandisha.

Chanzo ni maji. Fikiria mnyororo wa polima wenye sehemu za tabia mbili, moja inapenda maji na nyingine inayakwepa. Kukiwa na baridi, molekuli za maji hujipanga kwa utaratibu kuizunguka ile sehemu inayoyakwepa, na mnyororo mzima unaendelea kuelea. Kujipanga huko kuna gharama, maana maji yanapoteza uhuru wa kwenda yatakako. Joto likipanda, gharama hiyo nayo inapanda mpaka haibebeki tena. Maji yanauachia mnyororo, na zile sehemu zinazoyakwepa zinakimbiliana zenyewe kwa zenyewe. Mnyororo huu ukishikana na ule, na ule na wa tatu, wavu unafumwa ndani ya kimiminika chote, nacho kinasimama. Ukikipooza, maji yanarudi mahali pake na wavu unafumuka.

Polima iliyowafanya wengi waitazame tabia hii kwa makini inaitwa poli(N-isopropilakrilamidi), na kwa ufupi PNIPAM. Mwaka 1968 Heskins na Guillet waliandika kuhusu myeyusho wake ndani ya maji, na kiwango chake kinachotajwa hadi leo ni nyuzi 32 hivi: chini ya hapo inayeyuka, juu ya hapo inajitenga na maji. Kwa kuwa nyuzi 32 haziko mbali na joto la mwili, watu wa tiba waliipenda mara moja. Kasoro yake ni kwamba mnyororo huo ni kaboni iliyoungana na kaboni mwanzo hadi mwisho, na mwili wa binadamu hauna namna ya kuukata. Ukiichoma mwilini kwa wingi, unamwachia mgonjwa kitu kisichoisha.

Hata hivyo iko kazi moja ambayo PNIPAM iliifanya vizuri bila kuhitaji kuvunjika, na siwezi kuipita. Teruo Okano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Wanawake cha Tokyo waliipaka, tabaka jembamba mno, kwenye sakafu ya ndani ya visahani vya kukuzia seli. Kwenye nyuzi 37 sehemu ile inakwepa maji, kwa hiyo seli zinaishika na kukua zikigusana mpaka zinakuwa utando mmoja. Ukipunguza joto hadi nyuzi 20, PNIPAM inanywa maji na utando unabanduka wenyewe, mzima. Njia ya zamani ilikuwa kumwagia kimeng'enya kinachokata protini, na hicho hukata pia viungo vinavyozishika seli pamoja, ukabaki na seli moja moja. Mwaka 2004 madaktari wa Japani walitangaza kwamba walichukua kipande kidogo cha utando wa ndani ya mdomo wa mgonjwa mwenyewe, wakaukuza kwa njia hiyo, wakaubandika kwenye jicho ambalo konea yake, ule utando angavu wa mbele, ilikuwa imeharibika. Wagonjwa walikuwa 4. Utando ulishika bila kushonwa, na macho yao yakaona vizuri zaidi. Polima yenyewe ilibaki kwenye kisahani. Mgonjwa hakuingizwa hata chembe.

Kwa dawa ya kuchomwa, polima lazima iwe na mwisho. Na polima zenye mwisho zilikuwepo tayari kwenye vyumba vya upasuaji: asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki zikiungwa kuwa mnyororo, PLGA. Daktari wetu wa upasuaji anaijua kwa mkono wake, kwa sababu uzi wa Vicryl, ule usiohitaji kutolewa, umetengenezwa kwa asidi hizo hizo. Kiungo kinachoshika mnyororo huo ni esta, na esta hukatwa na maji ya kawaida, polepole. Kinachobaki ni asidi ya laktiki, ile ile inayotengenezwa na misuli ya mtu anayekimbia, na asidi ya glikoliki ambayo mwili unaitumia au unaitoa kwa mkojo.

Mwaka 1997 kundi la Sung Wan Kim, Chuo Kikuu cha Utah, lilichapisha katika jarida la Nature polima iliyounganisha mnyororo wa namna hii na polietilini glikoli, PEG, ambayo inapenda maji. Ile ya kwanza ilikuwa kimiminika kwenye nyuzi 45 na jeli ikipoa kufikia joto la mwili. Ilikuwa hatua kubwa, lakini dawa ya nyuzi 45 inaunguza, na dawa za protini haziupendi moto huo. Haikuchukua muda wakapata mpangilio uliogeuza mambo: maji kwenye joto la maabara, jeli ndani ya mwili. Baadaye ukaja mnyororo wenye PLGA pande zote mbili na PEG katikati, uliojulikana kwa jina la ReGel. Ukirefusha PLGA, unashusha joto la kuganda. Ukibadili kiasi cha laktiki na glikoliki, unabadili kasi ya kuvunjika. Hapo ndipo mkemia anapopata raha, kwa sababu kila urefu anaouchagua una matokeo anayoweza kuyapima.

Dawa ya saratani, paklitakseli, iliwekwa ndani ya ReGel ikaitwa OncoGel, na ikajaribiwa kwa kuchomwa moja kwa moja ndani ya uvimbe wa saratani ya umio, mgonjwa akiendelea na tiba nyingine. Haikuongeza faida. Niliyasoma matokeo yale kwa masikitiko makubwa, maana saratani ya umio inatusumbua sana Afrika Mashariki, na wagonjwa wake ninawafahamu kwa sura: wanakuja wakiwa hawamezi hata uji. Jeli iliganda kama ilivyotakiwa na dawa ikatoka polepole kama ilivyopangwa, lakini uvimbe haukujali.

Kwa nini basi niendelee kuzitamani? Kwa sababu ya watoto wa moyo.

Mtoto aliyeharibika vali za moyo kwa homa ya baridi yabisi anahitaji sindano ya penadur kila wiki tatu au nne, kwa miaka, mara nyingi mpaka anaingia utu uzima. Penadur ni penisilini iliyofanywa chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi, kwa hiyo inakaa kwenye msuli na kuachia dawa taratibu. Ni nzito, inahitaji sindano nene, na inauma. Mama mmoja anayemleta binti yake kutoka kijiji cha mbali aliniuliza dirishani, akiwa ameshika kadi ya mahudhurio iliyochakaa kwenye mikunjo:

"Dokta, hakuna ya miezi sita?"

"Bado, mama."

"Ya miezi mitatu je, kama ile ya uzazi wa mpango?"

Nikamwambia hiyo nayo bado. Akashukuru, akamshika mtoto mkono, wakaenda wodini. Swali lake ni swali la kitaalamu kabisa. Wanaobuni polima zinazohifadhi dawa mwilini wanajiuliza lilo hilo: unawezaje kuweka dozi ya muda mrefu mahali pamoja, itoke kwa kipimo, isiumize, na chombo chake kitoweke? Jeli inayoganda kwa joto ni moja ya majibu yanayowezekana, kwa kuwa inaweza kupita kwenye sindano nyembamba ikiwa maji. Nauli ya safari zile zote iko ndani ya kemia hii.

Sasa nifike kwenye chumba.

Rafiki yangu anayefundisha famasia alinikaribisha kwenye maabara yao wanafunzi walipokuwa wakitengeneza jeli ya poloksama 407, polima nyingine inayoganda kwa joto. Poloksama haivunjiki kikemia mwilini, inayeyuka na kutolewa na figo, lakini inafaa kufundishia kwa sababu ni rahisi na inaonekana kwa macho. Unanyunyizia unga mweupe kwenye maji ya barafu, asilimia 20, unakoroga bila haraka, unaiacha kwenye friji usiku kucha mpaka povu liishe na kimiminika king'ae. Kisha unaweka kidogo kwenye kichupa cha kioo, unakizamisha kwenye bafu la maji, unapandisha joto nyuzi moja moja, na kila hatua unakiinamisha. Kimiminika kikiacha kutiririka, umepata joto la kuganda. Ni kipimo cha kizamani na bado kinatumika duniani kote.

Ilikuwa Februari. Kiyoyozi hakikuwa kikifanya kazi, feni lilikuwa linazungusha hewa ya moto, na kipimajoto cha ukutani kilisoma 31. Vichupa vilitolewa friji vikapangwa mezani wakati bafu likiandaliwa. Nikachukua kimoja. Mwanzo kilikuwa cha baridi, na kilichomo kilikimbia huku na huku kama maji. Nikakishika nikiongea. Baada ya muda nikakiinamisha tena, na kilichomo kikajivuta kizito, kikaacha ukungu kwenye kioo. Muda kidogo tena, nikakigeuza juu chini kabisa. Hakikushuka. Mwanafunzi mmoja akavuta dawa ile ile kwenye bomba la sindano, akaliweka mezani, akaandika daftarini, akalichukua. Kidole gumba kilisukuma mpaka kikawa cheupe, na kwenye ncha ya sindano hakikutoka kitu.

"Unaona," rafiki yangu alisema, "hatujafika hata kwenye bafu."

Wakalizamisha bomba kwenye barafu, na dawa ikarudi kuwa maji. Hakuna aliyekuwa amekosea popote. Jeli ilifanya kazi yake sawasawa, ila iliifanya mezani.

Viwango vya Marekani vya kuhifadhi dawa vinahesabu chumba kuwa nyuzi 20 hadi 25. Jeli inayoganda kwenye 28 au 30 ina nafasi ya kupumua hapo: mezani ni maji, mwilini ni jeli. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, mchana wa kiangazi unafika nyuzi 32, na zahanati yenye paa la bati bila dari inapita hapo. Mtu atasema, basi pandisha joto la kuganda liwe 35. Nami nilidhani hilo linatosha mpaka nilipokaa kulifikiria. Nyuzi 37 ni joto la ndani kabisa ya mwili. Ngozi ya mkono huwa na 32 hadi 34, na chini ya ngozi ni juu yake kidogo tu. Jeli ya nyuzi 35 ikichomwa hapo inaweza kuchelewa kuganda, na ikichelewa inasambaa, na ikisambaa dawa ya wiki nzima inamwagika ndani ya saa chache. Kwa dawa ya saratani hiyo ni sumu.

Kwa hiyo nafasi tuliyo nayo, kati ya chumba chetu na ngozi ya mgonjwa, ni nyuzi mbili au tatu. Dawa yenyewe ikiongezwa inaisogeza, chumvi inaisogeza, na majimaji ya mwili yanaipunguza nguvu jeli. Tofauti ndogo ya urefu wa mnyororo kati ya toleo moja la kiwandani na jingine inaweza kuila nafasi yote.

Barafu ni njia mojawapo, na imeshathibitishwa. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Jelmyto, jeli ya jamii ya poloksama yenye dawa ya mitomaisini, kwa saratani isiyo kali ya njia ya juu ya mkojo. Dawa ya maji haikai pale, mkojo unaisomba. Jelmyto hupoozwa, hupitishwa kwa katheta, mrija mwembamba, ikiwa kimiminika, inaganda ndani ya figo, na mkojo unaiyeyusha kwa muda wa saa kadhaa. Katika wagonjwa 71 waliofuatiliwa kwenye utafiti wake, zaidi ya nusu uvimbe ulitoweka. Ninaifurahia kwa dhati. Lakini hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji, na barafu ikae karibu mpaka dakika ya mwisho. Muuguzi wa zahanati mwenye foleni ya kina mama na watoto hawezi kufanya hivyo kwa kila sindano.

Na kabla ya sindano kuna kabati. Nilisema esta hukatwa na maji. Maji hayo hayangoji kuingia mwilini, yamo ndani ya dawa yenyewe tangu ilipochanganywa, na kwa kanuni ya makadirio tuliyofundishwa sote, kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi ya mmenyuko huwa kama mara mbili. Jeli ya PLGA iliyokwisha kuchanganywa inahitaji friji kwa sababu mbili: isigande na isijile. Kila asubuhi na jioni naandika joto la friji yetu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, 2 hadi 8, na umeme ukikatika usiku ninalala nikiifikiria.

Ndiyo maana matumaini yangu makubwa yako kwenye unga mkavu: kichupa kikae kabatini, muuguzi aongeze maji ya baridi siku ya kuchoma. PLGA yenye PEG mara nyingi hainyunyiziki, ni kitu cha kunata kama nta laini, na kuyeyuka kwake kwenye maji ya baridi kunachukua saa nyingi. Wakemia wameanza kuweka kiungo kingine, kaprolaktoni, kwenye mnyororo. Hiyo hujipanga kuwa fuwele, kwa hiyo unapata unga unaopimika kwa mizani na kuyeyuka upesi zaidi. Inavunjika taratibu kuliko PLGA, na kwa sindano ya miezi hilo ni jambo jema.

Kuna pia kitosani, inayotoka kwenye maganda ya kamba na kaa. Mwaka 2000 Chenite na wenzake, huko Kanada, walionyesha kwamba ukiichanganya na chumvi ya gliserofosfeti inabaki maji kwenye baridi hata asidi yake ikiwa imeondolewa, na inaganda kwenye joto la mwili. Huvunjwa na lisozaimu, kimeng'enya kilichomo hata kwenye machozi yetu. Kamba tunao, tangu delta ya Rufiji hadi ghuba ya Ungwana. Kazi ngumu ni kusafisha: protini yoyote ya kamba ikibaki inaweza kumletea mgonjwa mzio, na kitosani ya toleo moja lazima ifanane na ya jingine. Nayo ikiachwa kwenye joto inaanza kuganda yenyewe, polepole, kwa hiyo chumba kinabaki kuwa swali.

Siamini kwamba swali hili halijibiki. Oksitosini, inayozuia mama kutokwa damu baada ya kujifungua, inataka nyuzi 2 hadi 8. Shirika la Afya Duniani liliongoza utafiti wa kabetosini, dawa ya kazi hiyo hiyo, iliyotengenezwa kustahimili joto, kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, na matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba haikuwa dhaifu kuliko oksitosini katika kuzuia damu nyingi. Joto lilihesabiwa tangu mwanzo wa kubuni dawa, ikawezekana. Kwa nchi za kanda yetu dawa hupimwa uthabiti wake kwenye nyuzi 30. Jeli inayobadilika kwa joto inahitaji kipimo kingine juu ya hicho, cha muda gani inabaki maji ndani ya bomba la sindano mezani kwenye nyuzi 32, na mara nyingi ninaposoma makala za polima hizi sikioni.

Mwanafunzi wa famasia au kemia anayetafuta mada ya tasnifu, mwambieni achukue hii. Bafu la maji, kipimajoto cha kuaminika, vichupa vya kioo, sindano za ukubwa tofauti, na poloksama ya kuanzia inayopatikana bila gharama kubwa. Apime asilimia 15, 18 na 20, mezani na ndani ya bafu. Aongeze dawa aone joto la kuganda linahamia wapi, arudie na chumvi, arudie Julai na Februari. Achapishe jedwali lenye nyuzi za chumba alichofanyia kazi, zikiwa zimeandikwa wazi kwenye safu ya kwanza. Akikwama kwenye kupooza na kuhifadhi, aniandikie hapa chini, nitamjibu.